Ken Uston: mtu aliyefukuzwa kasino kwa sababu ya kufikiri

Tarehe 30 Januari mwaka 1979, kasino ya Resorts International katika mji wa Atlantic City, jimbo la New Jersey nchini Marekani, ilimwondoa mchezaji mmoja kwenye meza zake za blackjack na kumpiga marufuku kuzikaribia tena.

Hakuwa amelewa wala kuzua fujo. Hakuwa ameficha karata ndani ya mkono wa koti, wala hakumhonga mgawaji. Kosa lake, kama kasino yenyewe ilivyokiri baadaye mahakamani, lilikuwa kwamba namna yake ya kucheza ilimwongezea uwezekano wa kushinda.

Jina lake lilikuwa Ken Uston. Kesi iliyotokana na siku hiyo ilipanda hadi Mahakama ya Juu ya New Jersey, na hukumu yake ya mwaka 1982 husomwa hata leo na wanafunzi wa sheria ambao hawajawahi kushika karata. Swali lililokuwa mbele ya majaji lilikuwa pana kuliko kamari: mwenye jengo aliyelifungua kwa umma anaweza kumfukuza mtu yeyote ampendaye, bila ya sababu?

Kwa wasomaji wetu ambao imani yao inaikataza kamari, na ni wengi, habari hii haimwaliki mtu mezani. Ni habari ya hesabu na ya haki, iliyotokea mahali ambapo kamari ni biashara halali.

Mwana wa Usui

Kenneth Senzo Usui alizaliwa mjini New York tarehe 12 Januari 1935. Baba yake, Senzo Usui, alikuwa mfanyabiashara Mjapani, na mama yake, Elsie Lubitz, alikuwa mzaliwa wa Austria. Alikuwa mkubwa wa watoto watatu. Jina la Uston, ambalo dunia ilimjua kwalo, lilikuja baadaye.

Alikuwa kijana mwenye kichwa chepesi kupita kiasi. Akiwa na umri wa miaka 16 tu alipata ufadhili wa kuingia Chuo Kikuu cha Yale, na kutoka hapo akaendelea hadi Harvard, ambako alipata shahada ya uzamili ya biashara.

Njia iliyofuata ilikuwa ile ambayo wazazi wengi huwaombea watoto wao. Alifanya kazi katika kampuni ya simu jimboni Connecticut, kisha katika kampuni ya saruji huko California, na hatimaye akawa makamu mwandamizi wa rais wa soko la hisa la Pacific mjini San Francisco. Alivaa suti, akahudhuria mikutano, akapiga kinanda cha jazi wakati wa mapumziko. Mwisho wa juma alivuka mpaka wa jimbo kwenda kwenye kasino za Nevada.

Kuna watu wanaoingia kasino kukimbia mawazo. Uston aliingia kwa sababu alikuwa amesoma kitabu.

Jedwali la askari wanne

Ili kuelewa kilichomvuta, lazima kwanza tuueleze mchezo wenyewe, kwa sababu maisha yake yote ya baadaye yamejengwa juu ya kanuni zake chache.

Katika blackjack, mchezaji hashindani na wenzake mezani bali na mgawaji wa kasino. Kila mmoja hujaribu kufikia jumla iliyo karibu na 21 bila ya kuipita. Karata za tarakimu huhesabiwa kwa thamani yake. Karata za picha, zile ambazo wachezaji wa pwani yetu huziita wazungu, kila moja ni 10. Ree ni 1 au 11, kwa kadiri inavyomfaa mwenye nayo. Mgawaji huonyesha karata yake moja na kuificha nyingine.

Mgawaji hana hiari yoyote. Akiwa na 16 au pungufu lazima aongeze karata, na akifikia 17 kwa kawaida lazima asimame. Mchezaji ndiye mwenye hiari: anaweza kuongeza, kusimama, kuzidisha dau lake mara mbili kwa karata moja tu zaidi, au, akipewa karata mbili za thamani moja, kuzitenganisha na kuzicheza kama mikono miwili.

Mtu akisikia hayo atajiuliza kasino inapata wapi faida, ikiwa mgawaji amefungwa mikono na mchezaji yuko huru. Jibu ni kwamba mchezaji hutangulia. Akipita 21, dau lake huchukuliwa papo hapo, hata kama muda mfupi baadaye mgawaji naye atapita 21. Kanuni hiyo moja ndiyo inayolipa mishahara, mazulia na taa zote zile.

Kwa miaka mingi wachezaji waliamua kwa hisia. Mmoja aliogopa kupita 21, hivyo alisimama na 14 kila mara. Mwingine alimwiga mgawaji. Wa tatu alifuata ndoto ya usiku uliopita. Hali hiyo ilianza kubadilika mwezi Septemba 1956, wakati vijana wanne waliokuwa wametumikia jeshi la Marekani pamoja katika kituo cha Aberdeen, jimbo la Maryland, walipochapisha makala katika jarida la chama cha wanatakwimu cha nchi hiyo. Walikuwa Roger Baldwin, Wilbert Cantey, Herbert Maisel na James McDermott. Kwa kutumia mashine za kujumlisha za mezani, walipiga hesabu ya kila mkono wa mchezaji dhidi ya kila karata ya mgawaji, na kuonyesha uamuzi bora katika kila hali. Matokeo ya kazi hiyo ndiyo yanayoitwa mkakati wa msingi.

Cantey alikuwa Mmarekani mweusi. Makala yao ilipotoka, kasino nyingi za Las Vegas zilikuwa bado hazimruhusu mtu mweusi kukaa mezani kama mteja. Zilikuja kufungua milango mwaka 1960, baada ya chama cha watetezi wa haki za weusi kutishia maandamano. Hivyo mmoja wa watu waliowafundisha Wamarekani kucheza mchezo huo kwa akili asingeweza, siku zile, kuvuka kizingiti cha hoteli nyingi zilizouchezesha. Jambo hilo tulikumbuke, kwani litarudi mahakamani.

Kinachofundishwa na jedwali

Mkakati wa msingi si siri wala si uchawi. Ni jedwali linaloweza kuandikwa kwenye kadi moja ndogo, na mantiki yake hufahamika kwa urahisi mtu akianza kuitazama karata ya mgawaji badala ya kuitazama yake mwenyewe.

Mgawaji akionyesha 5 au 6, yumo katika hali mbaya kabisa. Huishia kupita 21 karibu mara 42 katika kila 100. Kwa hiyo mchezaji aliye na jumla ya 13 hadi 16 husimama, haongezi kitu, humwachia mgawaji ajiangamize mwenyewe. Lakini mgawaji akionyesha karata ya 10, hupita 21 kama mara moja tu kati ya tano. Hapo kusimama na 15 ni kusubiri kunyang'anywa. Jedwali linasema ongeza, ingawa mkono unatetemeka.

Mfano unaowaudhi wengi ni 16 dhidi ya 10. Ukiongeza utapoteza mara nyingi. Ukisimama utapoteza mara nyingi pia, zaidi ya mara 75 katika kila 100. Tofauti kati ya njia hizo mbili ni nyembamba kama unywele, lakini ipo, na ipo upande wa kuongeza. Anayefuata jedwali huongeza, hupoteza, na kesho yake huongeza tena. Hapo ndipo wanafunzi wengi hukata tamaa, kwa sababu uamuzi sahihi na matokeo mazuri ni vitu viwili ambavyo havitembei pamoja kila siku.

Yapo mengine yanayokaririwa kama mashairi ya madrasa. Ree mbili na nane mbili hutenganishwa daima. Tano mbili na kumi mbili hazitenganishwi kamwe. Ukiwa na 17 au zaidi bila ya ree ndani yake, simama. Ukiwa na 11, zidisha dau karibu kila mara. Na ile wanayoiita bima, ambayo mgawaji huitangaza kwa sauti ya upole anapoonyesha ree, ikatae. Bima hulipa mbili kwa moja ikiwa karata iliyofichwa ni ya 10, lakini katika karata 52 zenye thamani hiyo ni 16 tu, pungufu ya moja kati ya tatu. Kwa mchezaji wa kawaida ni dau baya lililopewa jina zuri.

Faida ya kujifunza hayo yote hupimika kwa fedha. Chukua mtu anayecheza mikono 80 kwa saa, dola 10 kila mkono. Kwa saa moja ameweka mezani dola 800. Akicheza kwa hisia, kasino humla asilimia 2 au zaidi, yaani dola 16 kwa wastani. Akifuata jedwali bila ya kukosea, katika meza yenye kanuni nzuri, faida ya kasino hushuka hadi karibu nusu ya asilimia moja, yaani dola 4. Lakini bado ni hasara. Mkakati wa msingi hupunguza bei ya mchezo; haumgeuzi mchezaji kuwa mshindi.

Aliyevuka mpaka huo alikuwa Edward Thorp, mwanahisabati ambaye, akiwa katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, alitumia kompyuta ya IBM kuthibitisha kwamba karata zilizokwisha kutoka hubadilisha thamani ya zilizobaki. Karata za 10 na ree zikibaki nyingi, mchezaji ndiye mwenye faida. Zikibaki ndogo ndogo, kasino ina faida. Anayeweza kukumbuka kilichotoka huweka dau kubwa wakati unaofaa. Kitabu cha Thorp, Beat the Dealer, kilitoka mwaka 1962. Kasino za Las Vegas zilishituka kiasi kwamba mwaka 1964 zilibadili kanuni za mchezo. Wateja wakasusa, na muda si mrefu kanuni za zamani zikarudi.

Hicho ndicho kitabu alichokisoma Uston.

Mchezaji mkubwa

Katikati ya miaka ya 1970, Uston alikutana na Al Francesco, mtu mtulivu wa California aliyekuwa amegundua tatizo ambalo kitabu cha Thorp hakikulitatua. Anayehesabu karata peke yake hujulikana kwa dau lake: dola 5, dola 5, dola 5, kisha ghafla dola 500. Msimamizi wa meza asiye kipofu humwona.

Francesco aligawanya kazi. Wenzake kadhaa walikaa katika meza mbalimbali, wakiweka dau dogo lisilobadilika, wakihesabu kimya kimya. Meza mojawapo ilipoiva, aliyekaa hapo alitoa ishara. Kisha alitokea mtu mwenye majivuno na fedha nyingi, mfano wa tajiri asiyejali, akaweka dau kubwa tangu mkono wa kwanza. Kwa macho ya kasino hakuwa amebadilisha chochote. Mtu huyo waliitwa mchezaji mkubwa.

Uston alianza kama mhesabuji wa kawaida, lakini haikuchukua muda kabla ya kupewa nafasi ya mchezaji mkubwa. Alizaliwa kwa ajili yake. Alipenda kutazamwa, alipenda vyumba vya kifahari vinavyotolewa bure, na makamu huyu wa rais wa soko la hisa hakuhitaji kuigiza sana ili aonekane mtu mwenye fedha za kuchezea. Baadaye aliiacha kazi yake ya ofisini kabisa.

Mambo yalivunjika mwaka 1977, yeye mwenyewe alipotoa kitabu, The Big Player, alichokiandika na mwandishi wa habari Roger Rapoport. Kitabu kilieleza mbinu yote ya timu. Francesco aliona kwamba amesalitiwa, na ni vigumu kumlaumu. Siri ilikuwa ya watu wengi. Sifa ilikwenda kwa mmoja. Wanaomsifu Uston kama shujaa wa wachezaji wadogo wangefaa kuikumbuka sehemu hiyo, kwani kiu yake ya kujulikana ndiyo iliyomtofautisha na wahesabuji wengine wa zama zake, ambao walikula kimya na majina yao hatuyajui hadi leo.

Mwaka huohuo alishirikiana na Keith Taft, fundi wa elektroniki na Mkristo mcha Mungu, aliyekuwa ametengeneza kompyuta ndogo ya kufungwa mwilini na kuendeshwa kwa vidole vya miguu ndani ya viatu. Mashine hiyo ilihesabu kwa usahihi ambao hakuna ubongo unaouweza. Moja ilikamatwa na kupelekwa kwa shirika la upelelezi la FBI, ambalo liliona kwamba haikuwa chombo cha wizi, kwa sababu ilitumia habari ambazo kila mtu mezani aliziona. Nevada ilikuja kupitisha sheria ya kupiga marufuku vifaa kama hivyo mwaka 1985.

Tofauti hiyo ina uzito. Sheria ilikigusa kifaa. Haikuugusa ubongo, na hadi leo hakuna sheria nchini Marekani inayomfanya mtu kuwa mhalifu kwa kuhesabu karata kichwani mwake.

Kasino za Nevada, hata hivyo, hazikuhitaji uhalifu. Zilidai haki ya mwenye mali kumtoa mgeni asiyemtaka. Uston alizishitaki katika mahakama za shirikisho, akashindwa. Alianza kuvaa ndevu za bandia, kofia na nguo za vibarua ili aingie bila ya kutambulikana. Magazeti na televisheni ziliipenda picha hiyo, naye aliipenda pia.

Kesi ya New Jersey

Tarehe 26 Mei 1978, Resorts International ilifungua kasino ya kwanza halali nje ya Nevada. Atlantic City ulikuwa mji wa pwani uliochakaa, na watu walipanga foleni ndefu kuingia.

Serikali ya jimbo haikuziachia kasino zijipangie mambo. Iliunda tume, na tume hiyo iliandika kanuni za kila mchezo hadi nukta ya mwisho. Moja ya kanuni za blackjack ilimruhusu mchezaji kusalimu amri mapema, yaani kuuacha mkono mbaya na kurudishiwa nusu ya dau lake kabla mgawaji hajatazama kama ana 21. Waliopiga hesabu waligundua jambo la ajabu. Kwa kanuni hiyo, mtu aliyekariri tu mkakati wa msingi, bila ya kuhesabu karata hata moja, alikuwa sawa na kasino, au mbele yake kidogo. Sijui mahali pengine ambapo jedwali la askari wale wanne liliwahi kutosha peke yake.

Kwa wahesabuji ilikuwa neema iliyozidi. Uston alihamia huko na timu yake, hadi ile siku ya Januari 1979.

Alilalamika kwa tume, nayo ikaunga mkono kasino. Mwezi Desemba mwaka huo tume ilifanya jaribio la kuwaruhusu wahesabuji wacheze kwa masharti maalumu, lakini jaribio lilisimamishwa kabla ya muda mrefu, na marufuku ikarudi. Uston alikata rufaa.

Mahakama ya Juu ya New Jersey ilitoa hukumu tarehe 5 Mei 1982, kwa kalamu ya Jaji Morris Pashman. Hoja ya kwanza ilikuwa ya kiufundi: sheria ya kasino iliipa tume peke yake mamlaka ya kupanga jinsi blackjack inavyochezwa, na tume haikuwa na kanuni inayowafungia nje wahesabuji. Kwa hiyo Resorts haikuwa na ruhusa ya kujitungia kanuni yake.

Hoja ya pili ndiyo iliyoipa hukumu hiyo umri mrefu. Majaji walisema kwamba mwenye mali anapoifungua kwa umma kwa ajili ya faida yake, hana haki ya kumfukuza mtu kiholela. Anaweza kumtoa mlevi, mgomvi au mwizi. Mtu mtulivu anayefuata kanuni ana haki ya kuingia.

Majaji walitambua kwamba majimbo mengi ya Marekani yalishika msimamo wa kinyume, yakimpa mwenye ukumbi wa burudani uhuru wa kumkataa yeyote. Wakataja, katika tanbihi, kwamba historia ya uhuru huo si ya kujivunia: katika baadhi ya majimbo ulikua baada ya utumwa kuondolewa na baada ya sheria za ubaguzi wa rangi kubatilishwa, kana kwamba mlango uliofungwa na sheria ulikuwa unatafutiwa komeo jingine. Cantey na watu wa kizazi chake wangelielewa jambo hilo bila ya kusoma tanbihi.

Uston hakufukuzwa kwa sababu ya asili yake, na hapakuwa na dai kama hilo. Lakini mtoto wa Mjapani aliyekuwa na umri wa miaka saba wakati Marekani ilipowafungia kambini watu wa asili ya Kijapani wa pwani ya magharibi ndiye aliyeifanya mahakama iandike hayo, kwa kesi ya karata.

Ushindi wenye bei

Baada ya furaha ya hukumu yalifuata yale ambayo wachezaji wengine hawakuyasahau.

Mahakama ilikuwa imeiachia tume nafasi ya kutunga kanuni mpya, na kuzuia kwa muda wa siku 90 Uston asirudi mezani wakati tume inajipanga. Kanuni zilikuja. Kusalimu amri mapema kulikuwa kumekwisha kufutwa tangu mwaka 1981. Sasa kasino ziliruhusiwa kutumia pakiti nane za karata kwa pamoja, ambazo hupunguza nguvu ya kuhesabu, na kuzichanganya upya wakati wowote msimamizi akimshuku mtu. Anayehesabu hakuweza kufukuzwa, lakini alichokuwa akikihesabu kiliweza kuvurugwa mbele ya macho yake.

Aliyeumia hakuwa mhesabuji peke yake. Mstaafu aliyeshuka kwenye basi na dola 50, aliyekariri jedwali lake kwa juma zima, alikuta meza ambayo ile neema ya miaka ya mwanzo imeondolewa. Wapo wahesabuji waliomlaumu Uston hadharani: angenyamaza, wangeendelea kula. Lawama hiyo, kwa maoni yangu, ina ukweli nusu. Kasino zilikuwa zinapoteza fedha, na zingetafuta dawa kwa kesi au bila kesi. Tofauti ni kwamba katika New Jersey zililazimika kuitafuta kwenye kanuni, mbele ya tume, na si kwenye mabega ya walinzi.

Michezo mingine

Uston hakukaa kuomboleza. Mwaka 1981 alitoa Million Dollar Blackjack, kitabu ambacho wengi hukihesabu kuwa bora kuliko vyote alivyoandika. Aliyekinunua akitarajia siri za mabilionea alikutana kwanza na kazi ya nyumbani: mkakati wa msingi, mkono kwa mkono, urudiwe hadi jibu litoke bila ya kufikiri. Kuhesabu huja baadaye, kwa sababu mtu ambaye bado anajiuliza afanye nini na 12 dhidi ya 3 hana nafasi kichwani ya kuweka hesabu. Jibu, kwa anayetaka kujua, ni kuongeza.

Wakati huo michezo ya video ilikuwa imeanza kuteka vijana wa Marekani. Uston aliitazama Pac-Man kwa jicho lilelile aliloitazamia blackjack, kama kitu chenye mpangilio uliojificha, akaandika Mastering Pac-Man, kilichouzwa kwa wingi mno. Vilifuata vitabu vya michezo mingine ya video na vya kompyuta za nyumbani. Jina lake lilitumika hata kwenye mchezo wa blackjack wa mashine ya ColecoVision. Watoto waliolijua jina hilo dukani hawakujua kwamba mwenyewe alikuwa hatakiwi katika kasino nyingi za nchi.

Maisha yake ya faragha yalikuwa ya mbio: safari, starehe, usiku mrefu. Alifariki dunia mjini Paris tarehe 19 Septemba 1987, katika nyumba aliyokuwa amepanga, akiwa na umri wa miaka 52.

Sheria aliyoiacha ingali inatumika. Katika New Jersey mhesabuji karata hafukuzwi mezani kwa kuhesabu. Katika Nevada anaweza kuombwa aondoke muda wowote. Kasino nazo zimepata njia nyepesi zaidi. Zamani mchezaji aliyepata 21 kwa karata mbili alilipwa tatu kwa mbili, yaani dola 15 kwa dau la dola 10. Meza nyingi sasa hulipa sita kwa tano, yaani dola 12. Badiliko hilo moja, lililoandikwa kwa maandishi madogo kwenye kitambaa cha meza, huongeza faida ya kasino kwa zaidi ya asilimia moja, na kufuta sehemu kubwa ya kile ambacho mkakati wa msingi humwokolea aliyejifunza. Hakuna mlinzi anayehitajika.

Zaidi ya muongo mmoja baada ya kifo chake, wachezaji wa kulipwa walianzisha orodha yao ya heshima, na Uston akawa miongoni mwa saba wa kwanza kuingizwa, pamoja na Thorp na Al Francesco. Orodha hiyo hutunzwa katika kasino ya Barona, karibu na San Diego huko California, ambayo huwapa wanaoheshimiwa chumba na chakula bure maisha yao yote, kwa sharti moja: wasicheze kamwe kwenye meza zake.